Kilo Thelathini za Mamdogo

Kwetu Tanga, mzigo wa basi haupimwi. Konda anautazama, anausukuma kidogo kwa mguu, kisha anasema, "Huu elfu tano." Wewe unasema elfu mbili. Mnabishana, mnacheka, unalipa elfu tatu, mzigo unaingia kwenye buti pamoja na matenga ya machungwa ya watu wa Muheza. Nimesafiri hivyo tangu kidato cha kwanza, na tranka langu la bati halijawahi kuulizwa lina kilo ngapi. Nadhani ndiyo maana watu wengi, hata waliosoma, wakikata tiketi ya ndege kwa mara ya kwanza hawasomi sehemu ya mzigo. Wanaamini kwamba pale mbele atakuwepo mtu wa kuongea naye.

Hayupo. Yupo dada aliyevaa skafu, anatabasamu vizuri tu, lakini hana mamlaka ya kukupunguzia hata shilingi. Mizani inaandika namba, kompyuta inaandika hela. Ukianza kumwita "dada yangu" na "mpenzi", watu wa nyuma yako kwenye foleni wanaanza kuguna.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, Hisabati na Jiografia, na sijawahi kupanda ndege. Nalisema mapema ili asije mtu kuniuliza mawingu yakoje ukiyatazama kwa juu. Ila katika ukoo wetu mimi ndiye msoma tiketi. Kazi hiyo nilipewa na Mamdogo, mdogo wake mama, ambaye yuko Muscat tangu mwaka 2017, anafanya kazi za ndani. Kila baada ya miaka miwili mkataba wake unamruhusu kuja nyumbani. Ikifika zamu hiyo naletewa kwenye WhatsApp kurasa tatu za Kiingereza, na nyuma yake ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hebu nisomee hii. Nimepewa kilo ngapi?"

Haulizi ndege inaondoka saa ngapi. Anauliza kilo. Mtu aliyekaa miaka miwili kwenye nyumba ya watu, akirudi kwao, ile miaka miwili inabidi iingie kwenye begi.

Basi nilijifunza kusoma. Na kwa kuwa hapa chuoni kila mwaka kuna wenzetu wanaopata nafasi za kubadilishana wanafunzi, wengine ufadhili wa kwenda China, Uturuki au Ujerumani, na wote nawaona wanahangaika na mabegi kwenye korido za hosteli, nitaeleza ninayoyajua.

Kwenye tiketi kuna safu ndogo, mara nyingi upande wa kulia, ambayo inaandikwa kitu kama 30K, au 1PC, au 2PC. Watu huipita kama namba ya ukurasa. Hiyo ndiyo sehemu yenyewe. Ukiona herufi K au KG, shirika linakuhesabia uzito: una kilo 30, zigawe kwenye mabegi unavyotaka. Ukiona PC, unahesabiwa idadi ya mabegi, na kila begi lina kikomo chake, ambacho kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23. Safari za kwenda na kutoka Amerika zimezoea mtindo huu wa idadi. Safari nyingine za upande wetu huu na Ghuba zinahesabu uzito. Ukiona 0PC, au neno NIL, maana yake huna kitu. Una begi la mkononi tu, basi.

Tofauti ya K na PC siyo ndogo. Jirani yangu wa chumba cha pili alipata programu ya miezi minne Marekani, tiketi yake 2PC za kilo 23. Akajumlisha, akapata 46, akafunga begi moja la kilo 30 na jingine la kilo 16. Jumla ni ileile 46, Hisabati haina kosa. Lakini kwa kuhesabu mabegi, lile la 30 limezidi kwa kilo 7 na lile la 16 halilisaidii mwenzake hata kidogo. Bahati yake tulimpimia hapahapa hosteli usiku wa kuamkia safari, tukahamisha. Mizani hatukuwa nayo. Tulimwita yule kijana wa pale kituoni anayepima watu kwa shilingi mia mbili, tukampa mia tano. Ukitaka kupima begi kwenye mizani ya aina hiyo, simama juu yake ukiwa umelibeba, kisha simama peke yako, toa. Msilikalishe begi peke yake, linafunika namba halafu mnaanza kubishana.

Zaidi ya uzito kuna ukubwa. Mashirika mengi yanataka urefu, upana na kimo cha begi vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ujue kwamba ni inchi 62. Nilipokuwa BTP mwaka jana niliitumia darasani, kidato cha pili, shule ya bweni. Niliwaambia wapime matranka yao. Mmoja akapata 75 kwa 42 kwa 38, jumla 155. "Mwalimu, kwa hiyo tranka langu linaweza kwenda Ulaya?" Nikamwambia linaweza, tena na sentimita tatu zinabaki. Akauliza, "Na mimi?" Darasa likacheka, nikacheka na mimi, lakini swali lile nililiandika pembeni ya andalio la somo na bado lipo.

Tukaendelea. Kama jumla ni 158, umbo gani linabeba vitu vingi zaidi? Wakajaribu, wakagundua wenyewe kwamba ni mchemraba: kila upande karibu sentimita 52.7, ujazo wake kama lita 146. Sanduku la kawaida la dukani, tuseme 76 kwa 50 kwa 32, jumla yake nayo ni 158 lakini ujazo wake ni kama lita 122. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima hakuwa amenyosha mkono, akasema haina maana, maana ukijaza unga kwenye mchemraba huo utapita kilo 70 kabla hujafunga zipu. Alikuwa sahihi. Kwa mtu wa kwetu, begi huisha kilo kabla ya kuisha nafasi. Hatusafiri na manyoya.

Kikomo kingine ambacho hakihongeki ni kilo 32 kwa begi moja. Hata kama umeruhusiwa kilo 40 na uko tayari kulipia, karibu kila mahali hawatapokea begi moja linalozidi 32. Sababu haihusiani na ndege, inahusiana na mgongo. Kuna binadamu huko chini anayeinua mabegi hayo moja baada ya jingine zamu nzima, na 32 ndiyo ilikubalika kuwa mwisho wa kumbebesha mtu mmoja. Sheria hii siilalamikii. Baba yangu alikuwa mpagazi bandarini kabla ya mgongo kumkataa.

Sasa nirudi kwa Mamdogo.

Zamu zake mbili za kwanza zilikwenda vizuri, tajiri wake alimkatia tiketi, 40K, moja kwa moja mpaka Dar. Zamu ya tatu, mwaka huu mwezi wa sita, tajiri alimpa fedha mkononi, akamwambia ajikatie. Kuna wakala wa tiketi huko, wamemzoea wafanyakazi wengi wa kutoka huku. Akamwambia amempatia bei nzuri kupitia Nairobi. Mamdogo akanitumia tiketi: Muscat mpaka Nairobi, 40K. Nikamjibu kilo 40, na nikamuuliza, na Nairobi–Dar? Akasema wakala atatuma, ni ileile, inaendelea. Hiyo ya pili ilimfikia kwa ujumbe mfupi siku ya safari, herufi sita tu na saa ya kuondoka, akiwa tayari njiani kwenda uwanjani.

Saa tano kasoro usiku simu yangu inaita kwa namba ya Kenya. "Mwanangu, wamenipa mabegi yangu hapa. Wanasema niyachukue, safari yao imeishia hapa."

Nikachukua zile herufi sita, nikaingia kwenye tovuti ya shirika la pili, nikaiona: 0PC. Mkononi kilo 7.

Hapa ndipo pa kusoma kwa makini hata kama mengine utayaruka. Tiketi moja yenye ndege mbili, hata kama ni za mashirika mawili, kwa kawaida ina kanuni moja ya mzigo inayokubeba toka mwanzo mpaka mwisho, na begi lako unalikabidhi mara moja tu. Tiketi mbili ni safari mbili. Zimekaa bahasha moja, wakala mmoja, siku moja, lakini kwa mashirika hayo wewe ni abiria wawili tofauti wenye jina moja. Unashuka, unapita Uhamiaji (Mtanzania kwa Kenya haombi viza, vinginevyo Mamdogo angekwama kabisa), unachukua mabegi kwenye mkanda, unaanza upya kaunta na kanuni za tiketi ya pili. Wakala yule aliuza vitu viwili kwa jina la kimoja. Tiketi ilikuwa rahisi kwa sababu nusu yake haikuwa na mzigo ndani.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 2008 American Airlines lilikuwa shirika kubwa la kwanza la Marekani kuanza kutoza begi la kwanza, dola 15, mafuta yalipopanda bei. Mafuta yakashuka, tozo ikabaki. Mwaka 2023 mashirika ya huko yalikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kwa mabegi peke yake. Mtindo umeenea, na siusemi kwamba ni wizi; anayesafiri na begi la mgongoni anapata nauli ndogo kweli. Lakini nauli hiyo ilipigiwa hesabu mtu asiyeleta zawadi. Mtu wa aina hiyo kwetu simjui.

Jambo la pili ninalotaka mlijue: begi la nyongeza likinunuliwa mtandaoni kabla ya siku au saa za mwisho huwa ni bei nafuu kuliko kaunta. Usiku ule tovuti iliandika dola 42 kwa begi moja la kilo 23, na kaunta ingekuwa dola 70. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 163,000. Boom lilikuwa limeingia wiki tatu nyuma, na hiyo ndiyo ilikuwa mabaki yake, kula mpaka mwisho wa mwezi pamoja na kuchapa na kujalidi ripoti ya utafiti. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikalipa begi moja. Nikabaki na elfu hamsini na kidogo. Nikamwamsha mwenzangu wa chumba; alikuwa na elfu ishirini na mbili, akanipa zote bila kuuliza, lakini hazikutosha begi la pili. Mamdogo alikuwa na dola 30 na riale 8, jumla kama dola 50. Hazikutosha kaunta, na hata zingetosha angefika Dar bila nauli ya Tanga.

Alikuwa na kilo 38 kwenye mabegi mawili na kilo 7 mkononi. Sasa alikuwa na ruhusa ya 23 na 7. Zitoke kilo 15.

Tukapiga simu ya video. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na kaunta tupu, ameyafungua mabegi yote mawili, na mizani ya kaunta ile ilikuwa inawaka ingawa hakuna mtu, kwa hiyo tulikuwa na namba. Nilidhani itakuwa rahisi. Nikaanza na kizito.

"Blanketi hilo kilo ngapi?"

"Nne na nusu. La bibi yako hili."

"Na lile jingine?"

"La mama yako."

"Maziwa ya unga?"

"Ya mtoto wa Asha, mwanangu. Makopo manne tu."

Blenda ya mjomba. Tende kilo sita, za msikiti na majirani. Halua. Viatu vya shule vya wadogo zangu, jozi nne. Udi na manukato ya shoga zake. Seti ya vikombe aliyoiahidi mwaka 2021 na mara ile haikuingia. Kila nilichokitaja kilikuwa na jina la mtu. Nilikuwa nimeshika kalamu, nimechora jedwali, kitu na uzito, kumbe safu iliyokuwa inahitajika ni ya tatu. Nikasema vaa mabaibui mawili, jaza mifuko ya koti. Akavaa. Kilo moja na ushee.

Kisha akasema, "Basi mwanangu, nimepata. Lala, una kipindi asubuhi." Akakata.

Ijumaa ile nilikwenda Tanga. Begi lilikuwa limeshafunguliwa, watu wameshagawiwa. Blanketi zote mbili zipo. Maziwa yapo. Vikombe vipo, kimoja kimevunjika mkono. Mjomba alikuwa amekaa barazani na blenda yake mapajani, akauliza, wala si kwa ubaya, "Miaka miwili yote, kibegi hiki tu?" Bibi akamwambia anywe chai.

Mamdogo alikuwa amevaa dera la mama. Kesho yake dera jingine la mama. Siku ya tatu nikamuuliza, tukiwa jikoni, nguo zako ziko wapi? Akasema zile kilo 15 zilikuwa nguo zake, zote, na viatu, na mkoba, na mashuka aliyonunua kwa ajili ya chumba chake mwenyewe hapo nyumbani. Alimpa mama mmoja wa usafi pale uwanjani Nairobi, aliyekuwa anapiga deki karibu yake na akamsaidia kukunja. "Alifurahi sana," akasema. "Mwili wake kama wangu."

Nimeifikiria kauli hiyo muda mrefu. Kaunta ingekuwa na haki ya kumtoza chochote kilichoandikwa, sina ubishi nao. Ila kuna mkataba wa kimataifa nilikuwa nimeusoma, nikidhani nitakuwa na la kumwambia, na hakukuwa na la kumwambia. Nitaueleza hata hivyo, kwa sababu wenzangu mtauhitaji.

Zamani, chini ya Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, begi lako likipotea ulilipwa kwa kilo. Kikomo kilikuwa karibu dola 20 kwa kila kilo. Kilo ya sukari na kilo ya vyeti vya shule, bei moja. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kufanya kazi mwaka 2003 na ambao Tanzania, Kenya na Oman zimo, uliondoa hesabu ya kilo ukaweka kikomo kwa abiria. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF. Kwa dola ni kama 2,000. Hicho ni kikomo, hawakupi tu. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha, kwa hiyo piga picha begi likiwa wazi kabla ya kulifunga na tunza risiti.

Begi likifika limevunjika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa kwa siku 21, unaweza kulihesabu limepotea na kudai. Kwenda mahakamani una miaka miwili. Na usitoke uwanjani bila kuandikisha ripoti pale kwenye dawati la mizigo na kupewa namba yake. Ile karatasi ndogo wanayokubandikia nyuma ya bodingi pasi ndiyo ushahidi wako: ina namba tarakimu kumi, tatu kati yake ni za shirika, na ina herufi tatu za mwisho wa safari. Zisome kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Kama unakwenda Dar na imeandikwa NBO, begi lako linaishia Nairobi, na ungejua hilo Muscat, siyo saa tano usiku.

Mkataba huo unahusu kilichopotea, kilichochelewa na kilichoharibika. Kitu ulichokiacha mwenyewe sakafuni kwa sababu hukuwa na dola 20 hakimo. Mabaibui ya Mamdogo hayakupotea. Tunajua kabisa yalipo, kuna mtu anayavaa.

Vyeti na dawa, kwa njia, viwe mkononi daima. Na paua benki hairuhusiwi kwenye begi la chini hata kidogo, ni lazima iwe mkononi, kwa sababu betri zake zinaweza kushika moto mahali ambapo hakuna wa kuzima. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Chukua mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7: ile ya 20,000 inatoa 74, inapita.

Alipokaribia kurudi, mwezi wa nane, tiketi niliitafuta mimi pamoja naye, tukiwa tumekaa barazani na simu moja. Moja tu, Dar mpaka Muscat, 30K. Ilizidi ile ya kuunga kwa dola 35. Alisita. Nikamwonyesha hesabu: 35 dhidi ya 42 na 70, na mashuka. Akasema, "Lipa."

Halafu wakaanza kuja watu. Kwetu msafiri hasafiri peke yake. Huyu ana mwanawe Sohar, anaomba amfikishie dagaa kilo mbili. Yule ana dada yake Muscat, vitenge sita na unga wa muhogo. Mmoja akaleta bahasha imebandikwa gundi pande zote, "dawa za mwanangu tu hizo." Hiyo niliikataa mimi, mbele yake, kwa heshima zote. Begi likifunguliwa huko, aliyelifunga ndiye anayejibu, na hakuna askari atakayemsubiri Mamdogo ampigie jirani simu kuuliza ndani mna nini. Yule mama alinuna, mpaka leo salamu yake ina upungufu. Sawa tu.

Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, nikaketi mlangoni na daftari. Kila mzigo ulifunguliwa, ukatazamwa, ukapimwa, ukaandikwa. Doti ya kanga gramu 420. Kitenge cha yadi sita sijui nani alikileta, gramu 850. Mama mmoja akaniambia, "Kumbe chuo kikuu mnasomea udukani." Nikamwambia ndiyo, na kwamba dagaa zake zimezidi robo.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla jirani wa kwanza hajabisha hodi, nilikuwa nimeshaandika mstari wa kwanza wa daftari: Mamdogo, kilo 12. Madera matatu mapya, viatu, mafuta ya nazi, mashuka mawili yaliyoshonwa na mama. Zilizobaki 18 ndizo zilizogombewa. Bibi alipoona mstari ule aliuliza kwa nini mwenye begi anaandikwa kama mgeni kwenye begi lake. Mamdogo mwenyewe alijaribu mara mbili kunishawishi nipunguze zile 12 ziwe 9, ili unga wa muhogo wa watu uingie. Nilikataa. Ni mara ya kwanza kumkatalia jambo mkubwa wangu, na alicheka huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mizani ya Jengo la Tatu la Abiria pale Dar ilisoma 29.4. Alinipigia akiwa bado kaunta, dada wa skafu anamsubiri, kuniuliza kama zile gramu 600 zilizobaki anaweza kuongezea ndimu.